Masanduku 240: safari ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi

Jumapili, Lubumbashi

Joto la mwisho wa Oktoba halijavunjika. Maua ya jakaranda yamekwisha kuanguka, na juu ya ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba mawingu yamekusanyika tangu saa nane, kisha yametawanyika bila kutoa hata tone. Watu wa mashamba wanaingoja mvua ya kwanza kwa furaha. Mimi ikikaribia ninaanza kuhesabu maghala ya baruti ninayoyajua na kujiuliza lipi limekaguliwa waya zake za radi.

Kesho asubuhi ninaondoka na dereva na fundi mmoja. Tunakwenda kukagua ghala la vilipuzi upande wa Likasi, halafu lingine Kolwezi. Begi liko tayari: kipima ukinzani wa ardhi, kipima umbali cha leza, tepu ya mita 100 (leza huchanganyikiwa kwenye majani marefu), vipimajoto vinne, viatu visivyotunza umeme mwilini, daftari na kalamu za risasi tatu.

Mama yangu amekaa mlangoni akichambua sombe, ananitazama. "Unarudia tena ku baruti?" Huniuliza hivyo kila safari, na kila safari namjibu kwamba mimi kazi yangu ni kuizuia isilipuke. Hajawahi kuridhika na jibu hilo, nami simlaumu.

Miaka saba nilifanya kazi Ubelgiji, katika kiwanda cha silaha, kama mhandisi wa usalama. Niliporudi nyumbani nilidhani nimeiacha kazi ile nyuma yangu. Lakini Katanga ni nchi ya migodi, na mgodi hula vilipuzi kila wiki. Kanuni ni zile zile, kwa sababu wimbi la mlipuko haliulizi kama baruti ni ya jeshi au ya kupasua mwamba.

Jumatatu, barabarani

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri ili tuyatangulie malori. Haikusaidia. Barabara ya Likasi haina saa ya kulala: malori ya shaba yanashuka kuelekea Kasumbalesa, ya asidi na ya chokaa yanapanda, na kando kando vijana wanasukuma baiskeli zilizobebeshwa makaa mpaka huoni kichwa cha anayesukuma. Ni kilomita kama 120 tu, lakini tumezimaliza karibu na saa sita.

Njiani fundi, kijana aliyemaliza chuo mwaka juzi, ameniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo muda mrefu, akiniita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, huko Ulaya ulikuwa unafanya nini hasa? Silaha ni ya kuua. Usalama wake ni upi?"

Nilimwambia kuhusu fyuzi, kile kifaa kinacholilipua kombora, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi. Kombora la mzinga lina kilipuzi kikubwa kisicholipuka kirahisi, na lina fyuzi yenye kilipuzi kidogo kinacholipuka kwa urahisi sana. Ukiviacha vimeelekeana, umetengeneza kifo cha yule anayelibeba. Kwa hiyo kiwango cha nchi za NATO kinadai fyuzi iwe na kufuli mbili zisizotegemeana, na kila moja ifunguliwe na nguvu tofauti inayopatikana tu wakati wa kufyatuliwa. Moja hufunguliwa na msukumo wa kutoka kwenye mtutu, nyingine na kule kuzunguka kwa kombora hewani. Kombora likidondoka kutoka kwenye lori linapata msukumo lakini halizunguki. Likibingirika mtaroni linazunguka kidogo lakini halina msukumo ule. Kipimo ni kwamba uwezekano wa fyuzi kuwa tayari kulipuka kabla ya wakati wake usizidi mara moja katika 1,000,000. Kazi yangu ilikuwa kukaa na wasanifu, kipande kwa kipande, na kuuliza: springi hii ikivunjika, nini kinatokea? Fundi wa zamu ya usiku akiisahau pini hii, nani atajua?

"Lakini mwisho wake inaua," akasema.

Ni kweli, inaua. Sikumbishia. Nilimwambia kilichokuwa kinanipa usingizi: kwamba silaha mbovu humwua kwanza mfanyakazi aliyeitengeneza, halafu dereva aliyeipakia, halafu familia inayoishi nyuma ya ghala, watu ambao hakuna aliyewatangazia vita. Hao ndio niliokuwa nawafanyia kazi. Papa dereva, ambaye alikuwa kimya tangu Lubumbashi, akasema: "Njo vile. Dereva ni wa pili." Halafu akapunguza mwendo, kwa sababu mbele yetu kulikuwa na lori la asidi.

Jumanne, ghalani

Kampuni yenye ghala sitaitaja. Ni wauzaji wa vilipuzi vya kupasulia mwamba, na walituita wenyewe. Kuita mkaguzi bila kulazimishwa si jambo dogo.

Langoni kuna bango jipya jekundu, refu kuliko mimi, limeandikwa HATARI kwa lugha tatu. Nimelitazama na moyo ukashuka kidogo. Kuna kiwango cha jeshi la Marekani, MIL-STD-882, kilichoanza mwaka 1969 na ambacho wahandisi wa usalama wa silaha hukijua kama sala. Kinapanga hatua za kupambana na hatari kwa utaratibu usiopinduliwa: kwanza iondoe hatari yenyewe kwenye usanifu; ukishindwa, ipunguze; ukishindwa, weka kifaa cha kuizuia; halafu king'ora au taa ya kuonya; na mwisho kabisa ndipo yanakuja mabango, mafunzo na glavu. Mahali pengi nilipokagua, watu wameanzia mwisho. Bango ni rahisi kununua.

Ndani kulikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Sakafu imefagiwa, masanduku yamepangwa juu ya mbao, hayagusi ukuta, na njia ya hewa haijazibwa. Masanduku 240, kila moja kilo 25. Tani sita. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi 31, lakini kilikuwa kimetundikwa karibu na mlango. Nilipoweka changu juu, chini ya bati, kilipanda mpaka 38. Kwa vilipuzi vya mgodi si janga. Kwa unga wa risasi ningeogopa, kwa sababu ule una kiimarishaji ndani yake kinacholiwa polepole na joto, na kikiisha, unga hujipasha wenyewe mpaka unawaka bila mtu kuugusa. Maghala ya jeshi yanayosahauliwa miaka mingi bila kupimwa yanaweza kuangamia hivyo.

Halafu tumekuta katoni moja ya detoneta, vile vifaa vidogo vya kuwashia vilipuzi, kwenye kona ya chumba cha vilipuzi. Mtunza ghala akainamisha kichwa. Lori lilichelewa jana jioni, akasema, chumba cha detoneta kilikuwa kimefungwa na mwenye ufunguo ameenda msibani, ikawa ya usiku mmoja tu. Kwenye kanuni za Umoja wa Mataifa detoneta ni kundi B na vile vilipuzi ni kundi D, na makundi hayo hayalali chumba kimoja, kwa sababu ile ile ya fyuzi: chepesi kisikae karibu na kizito. Nilisubiri mpaka katoni ikahamishwa mbele ya macho yangu. Sikumgombeza. Nimeandika daftarini kwamba ufunguo uwe na nakala ya pili na mtu wa pili, kwa maana hapo ndipo palipovunjika, si kwa yule mzee.

Lililobaki ni radi. Nguzo mbili zipo, ndefu, zimesimama vizuri. Nimefuata waya wa shaba wa nguzo ya kwanza kushuka chini, na kwenye urefu wa kiuno changu umekatwa. Safi kabisa, kwa msumeno. Wa pili umefika ardhini, lakini kipimo cha ukinzani wa ardhi kimesoma ohmu 84, na tunataka chini ya 10.

"Batu ba mitrayi banaikata, Mama," mzee wa lindo akanieleza. Wauza vyuma chakavu. Kwenye nchi ya shaba, waya wa shaba mita sita ni chakula cha wiki. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba yeye radi haimtishi sana, kwa sababu radi ya kweli hutumwa na mtu, na yeye hana ugomvi na mtu.

Nimemheshimu mzee yule na nimemjibu kwa heshima. Nilimwambia habari ya Mbuji-Mayi, Januari 2014, ambapo radi ilipiga ghala la silaha za jeshi na watu zaidi ya 20 wakafa, na walio wengi kati yao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Alinyamaza. Halafu akaenda mwenyewe kuleta jembe, tukachimba pamoja kutafuta ule mwisho wa waya uliobaki ardhini.

Jumatano, nje ya uzio

Leo sikuingia ghalani kabisa. Nimetembea nje siku nzima, na ndiyo siku iliyonichosha kuliko zote.

Karatasi za ghala zinaonyesha ardhi tupu mita 500 kila upande. Lilipojengwa palikuwa hivyo, msitu wa miombo na kichuguu hapa na pale. Sasa upande wa magharibi mahindi yanapandwa mpaka kwenye uzio wenyewe, na nyuma ya mahindi kuna nyumba za matofali ya kuchoma. Nimepima mpaka ukuta wa nyumba ya kwanza: mita 240.

Mwenye nyumba ni mama wa makamo, alikuwa akikausha mihogo juu ya gunia. Alinipa kiti na maji kabla ya kuniuliza shida yangu. Nilipomwuliza kama anajua ndani ya lile jengo mna nini, alisema: "Si simenti?" Kwa miaka yote aliyoishi hapo aliona malori yakiingia na kutoka yamefunikwa turubai. Bango liko upande wa barabara. Nyuma, upande wake yeye, hakuna bango wala mtu aliyekuja kumweleza.

Nilimweleza. Hakupiga kelele. Aliuliza: "Sasa batoto?" Akanyoosha mkono kuelekea kwenye paa refu la bati nyuma ya miembe. Shule. Watoto wake wawili wanasoma pale. Nikaenda kuipima pia. Mita 390.

Ninaomba msomaji anivumilie kwenye hesabu, kwa sababu ugumu wote wa kazi hii uko ndani yake. Umbali salama unapatikana kwa kuchukua uzito wa kilipuzi kwa kilo, kutafuta kipeuo chake cha tatu, kisha kuzidisha kwa namba fulani. Katika miongozo ya Umoja wa Mataifa ya kutunza risasi na makombora, namba hiyo kwa nyumba za kuishi ni 22.2. Kwa shule na hospitali ni 44.4, mara mbili. Migodi ina majedwali yake, lakini mimi hurudi kwenye hii niliyolelewa nayo. Kipeuo cha tatu cha 6,000 ni kama 18.2. Kwa hiyo tani sita zinataka mita 403 mpaka kwenye nyumba, na mita 807 mpaka kwenye shule.

Tunazo 240 na 390.

Kilichonifanya nikae chini ya mwembe na kurudia hesabu mara tatu ni kipeuo chenyewe. Ukipunguza mzigo nusu, umbali haupungui nusu. Unapungua kidogo sana. Ili umbali ushuke nusu, lazima mzigo ushuke mpaka sehemu moja ya nane. Kwa nyumba ya yule mama, ghala lingeweza kubeba kilo 1,263. Kwa shule, kilo 677. Masanduku 27. Na ndani yamo 240.

Mtunza ghala alipendekeza tuongeze tuta la udongo upande ule. Tuta ni zuri na nimeliandika: linazuia vipande vinavyoruka chini chini. Lakini wimbi la hewa hupanda juu ya tuta na kushuka ng'ambo, na kwa umbali ule halijapoteza mengi. Akapendekeza pia serikali iwaondoe watu. Hapo nilikataa mbele ya wote. Yule mama ana karatasi yake ya kununua kiwanja, ina muhuri. Aliyemwuzia alijua au hakujua, sijui, lakini yeye alilipa. Na hata akiondoka leo, kesho atakuja mwingine, maana mji unakua na hauna habari na mistari yetu ya kwenye ramani.

Wasomaji wa Dar es Salaam wanaikumbuka milipuko ya maghala ya jeshi huko Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011. Brazzaville, mtaa wa Mpila, tarehe 4 Machi 2012, walikufa watu zaidi ya 200. Lagos, Januari 2002, walikufa zaidi ya 1,000, na wengi wao hawakuguswa na bomu lolote: walizama kwenye mfereji wakikimbia usiku. Haya yote yalikuwa maghala yaliyokuwa katikati ya watu. Ninayataja majina haya kila ninapoandika ripoti, na kila mara kuna mtu anayeniambia ninatisha watu. Nakubali kutisha. Ile ardhi tupu inayozunguka ghala ni sehemu ya ghala kama zilivyo kuta zake, na inapoliwa na nyumba, ghala limebomolewa hata kama kuta zimepakwa rangi mpya.

Jioni nilirudi kwa yule mama kumuaga. Alinifungia mihogo ndani ya gazeti. Hakuuliza tena kuhusu shule, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Alhamisi, Likasi

Mvua ya kwanza. Imenyesha tangu usiku na radi zake, na sisi tulikuwa macho wote watatu kwenye nyumba ya wageni, hakuna aliyesema kwa nini. Saa kumi na mbili nilipiga simu kwa mzee wa lindo. Akasema hakuna kitu, waya wa muda tuliofunga juzi umekaa.

Barabara imekuwa tope, hatukuondoka. Nimeandika ripoti siku nzima. Kutoka Likasi si mbali kufika Shinkolobwe, ambako ilitoka urani iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945. Kufikia 1940 tani kama 1,200 za mawe yale zilikuwa zimekwisha kufichwa New York. Waliochimba hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Nimekumbuka lile "Si simenti?" na nikaongeza ukurasa mzima kwenye ripoti kuhusu kuwaambia majirani: mikutano kwa Kiswahili, ishara ya king'ora, njia ya kukimbilia, jina na simu ya mtu wa kumpigia. Fundi amesoma akasema ukurasa huu ndio ambao wakubwa wataufuta kwanza. Nimeuhamishia mbele, uwe wa pili.

Ijumaa, Kolwezi

Tumepita Kambove na Fungurume kwa vumbi ambalo mvua haikuligusa. Ghala la Kolwezi liko ndani ya eneo la mgodi, nyuma ya vilima viwili vya udongo wa shimo, nyumba ya karibu iko zaidi ya kilomita mbili. Waya mzima, ohmu 6. Detoneta mahali pake. Baada ya saa chache tulikuwa tumemaliza, na sina mengi ya kuandika juu yake, isipokuwa jambo moja: lina nafasi. Nusu yake ni tupu, na wenye mgodi hununua kutoka kwa kampuni ile ile.

Nilimwomba mkuu wa ghala anionyeshe kibali chake. Kinaruhusu tani 20. Siku hiyo zilikuwemo tisa.

Jumamosi, Lubumbashi tena

Tumesafiri usiku, jambo ambalo silipendi, ili kumkuta mkurugenzi kabla hajaondoka ofisini saa sita. Nilifika na viatu vya tope.

Nilifungua ramani na kuchora duara mbili kwa bikari, moja ya mita 403, nyingine ya mita 807. Ndani ya ile kubwa kuna shule, kanisa, na soko dogo la asubuhi. Nikapendekeza Likasi yabaki masanduku 27, mengine yahamie Kolwezi. Mkurugenzi aliangalia muda mrefu. Kisha akasema jambo la haki kabisa: wateja wa Likasi wanataka mzigo wao siku wanayouagiza, na akibaki na masanduku 27 atalazimika kutuma lori kutoka Kolwezi kila baada ya siku chache, na kila lori barabarani ni hatari nyingine. Ni kweli, na nilikuwa nimelipima. Lori lenye masanduku 27 likipata ajali ni kilo 675 mara moja, kwenye njia inayoweza kuchaguliwa, saa inayoweza kuchaguliwa, na polisi mbele. Ghala lenye tani sita liko karibu na watoto kila siku ya masomo.

Akauliza kama kilo 1,263 zingetosha, za nyumba, tuache ile ya shule. Nikasema hapana. Akauliza tena kwa njia nyingine, nikasema hapana tena. Nilikuwa natetemeka kidogo chini ya meza, maana mkataba wangu anausaini yeye. Halafu nikamweleza lile la simenti. Aliweka kalamu chini. Sijui ni duara au ni yule mama, lakini alimwita mtu wa usafirishaji na kuuliza lori la kwanza linaweza kutoka lini.

Kuhusu mikutano na majirani hakusaini. Alisema atafikiri. Nimeandika tarehe aliyosema hivyo, na nimemwachia fundi nakala, ili tusiwe wawili tu tunaokumbuka.

Mama yangu alinipikia bukari na samaki, na mihogo ya kutoka Likasi akaikaanga pembeni. Hakuuliza chochote mpaka nilipomaliza kula.

Jumanne iliyofuata

Mzee wa lindo hunipigia kila jioni saa kumi na mbili, hakuna aliyemwagiza. Anahesabu masanduku mwenyewe, pamoja na mtunza ghala, kabla ya kufunga. Jumapili yalikuwa 240. Jana 150. Leo amesema lori limechukua mengine asubuhi, kabla watoto hawajaenda ku masomo, na fundi amefika na waya mpya, wa chuma cha mabati safari hii, usio na thamani kwa watu wa mitrayi.

Yamebaki 61, amesema. Kwa upande wake mawingu yamejaa, na mimi nimemwambia nitangoja simu ya kesho.